Uvumi kuhusu Ukimwi: Tusimlaumu mhalifu wa katuni

Waswahili husema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu kuwa methali ni hazina ya hekima ya wahenga, na sina nia ya kuitupa hazina hiyo leo. Hata hivyo, kuna siku ambapo mwalimu hulazimika kuisuta methali hadharani. Siku yangu ilifika muhula uliopita, na aliyenifikisha hapo si mwanafalsafa wala mtunga sheria, bali ni kipindi kimoja cha katuni za watoto.

Nilikuwa nikifundisha somo la isimujamii, na mada ilikuwa uvumi: jinsi unavyozaliwa, unavyosafiri na unavyopata nguvu ya ukweli bila ya kuwa ukweli. Badala ya kuwasomea wanafunzi nadharia, niliwaonyesha kipindi cha dakika zisizofika thelathini kutoka Marekani, kilichotangazwa mara ya kwanza Novemba mwaka wa 1992. Wengi wao walikuwa hawajazaliwa. Walicheka mwanzoni walipoona rangi na michoro ya kizamani. Kilipomalizika hapakuwa na aliyecheka.

Mfululizo wenyewe ni "Captain Planet and the Planeteers", ulioanza mwaka wa 1990 na kumalizika mwaka wa 1996. Walioubuni ni Ted Turner, mwanzilishi wa shirika la habari la CNN, pamoja na Barbara Pyle. Kisa chake ni hiki: Gaia, roho ya dunia, amechoshwa na uharibifu wa mazingira, kwa hivyo anawapa pete za ajabu vijana watano kutoka pembe mbalimbali za dunia. Pete hizo zina nguvu za ardhi, moto, upepo, maji na moyo. Vijana wanapoziunganisha nguvu hizo, huibuka Captain Planet, shujaa anayeruka angani na kuwakabili wachafuzi wa mito, misitu na hewa. Kijana kutoka Afrika anaitwa Kwame. Jina lake ni la Waakan wa Afrika Magharibi, lakini watunzi hawakujisumbua kumpa nchi. Hilo tuliache kwa siku nyingine.

Kipindi ninachokizungumzia kinaitwa "A Formula for Hate", na ndani yake hamna mto uliotiwa sumu wala msitu uliofyekwa. Kuna kijana wa shule ya upili, Todd Andrews, mchezaji hodari wa mpira wa vikapu, ambaye amegundua kwamba ana virusi vya Ukimwi. Habari hizo zinafika masikioni mwa Verminous Skumm, mhalifu aliye nusu mtu na nusu panya. Skumm anauaminisha mji mzima kwamba virusi hivyo huambukizwa kwa kukaribiana tu na mwenye navyo katika maisha ya kila siku. Mara moja mji unambadilikia Todd. Waliokuwa wakimshangilia wanamwogopa, na hofu inageuka chuki. Sauti ya mamake Todd ni ya Elizabeth Taylor, mwigizaji mashuhuri aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa taasisi ya amfAR ya utafiti wa Ukimwi mwaka wa 1985. Mwishowe ukweli wa kitabibu unaelezwa bayana na watu wa mji wanatanabahi.

Msomaji asidhani kwamba watunzi walikitoa kisa hiki hewani. Novemba 7, 1991, Magic Johnson, nyota wa timu ya Los Angeles Lakers, alitangaza kwamba ana virusi. Mwaka uliofuata alijaribu kurejea uwanjani, lakini baadhi ya wachezaji wenzake walisita. Karl Malone wa Utah Jazz alieleza waziwazi hofu ya kuambukizwa kupitia mikwaruzo ya mchezoni. Novemba 2, 1992, Johnson akastaafu tena kabla ya msimu kuanza. Wiki chache baadaye, watoto wa Marekani wakamwona Todd Andrews kwenye runinga.

Kabla ya hapo palikuwa na Ryan White wa Kokomo, jimbo la Indiana. Mvulana huyu alikuwa na hemofilia, yaani ugonjwa wa damu kutoganda, na aliambukizwa kupitia dawa iliyotengenezwa kwa damu. Aligunduliwa kuwa na Ukimwi Desemba 1984, na mwaka wa 1985 akazuiwa kurudi shuleni. Familia ilipigania haki yake mahakamani. Mitaani, wakati huohuo, ilisemekana kwamba alikuwa akiwauma watu na kutemea mate mboga dukani. Alifariki Aprili 1990 akiwa na umri wa miaka 18.

Ninakisifu kipindi hiki kwa jambo moja kubwa. Kimetambua kwamba kuna maangamizi yasiyohitaji risasi wala sumu. Silaha ya Skumm ni sentensi. Isitoshe, kimekiri, pengine bila ya kukusudia, kwamba shujaa mwenye misuli hana la kufanya mbele ya sentensi. Captain Planet anaweza kuzuia mafuta yasimwagike baharini, lakini hawezi kuupiga uvumi ngumi ukaanguka. Dawa ya neno la uongo ni neno la kweli, na neno la kweli huhitaji mtu wa kulisema na mtu aliye radhi kulisikiliza.

Lakini hapohapo ndipo kipindi kinapoteleza. Ili watoto waelewe, watunzi wameutafutia uvumi mwenyewe, na mwenyewe huyo ni panya. Watu wa mji wamepotoshwa. Wametiliwa maneno masikioni na kiumbe mwovu kutoka nje, na kiumbe huyo akishindwa wanabaki kama walivyokuwa: wema, wapole, wasio na hatia. Sasa tuulize, Kokomo alikuwako panya gani? Nani aliwatuma wachezaji wa kulipwa, wenye madaktari wao wenyewe, kumwogopa mwenzao? Hapakuwa na Skumm. Palikuwa na majirani, wazazi, wachezaji na walimu. Kikulacho ki nguoni mwako, na uvumi hufumwa kwa nyuzi za lugha tunayoizungumza sisi wenyewe kila siku.

Hapa naomba ruhusa ya kuzungumza kama mwanaisimu. Tazama neno "inasemekana". Mwanafunzi yeyote wa shule ya upili anaweza kulichanganua. Mzizi ni "sem", kisha kuna viambishi vya kauli ya kutendeka. Tukisema "limesemwa", hiyo ni kauli ya kutendwa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: limesemwa na nani? Nasi tunaweza kumjibu kwamba limesemwa na Juma. Lakini hakuna Mswahili asemaye "inasemekana na Juma". Sarufi imeufunga mlango. Kitendo kimetendeka, na mtendaji hayupo wala hawezi kutajwa. Jambo limejisema lenyewe.

Chukua tena neno "nasikia", kama katika "nasikia yule bwana hali yake si nzuri". Msemaji anasema, tena kwa sauti, lakini kitenzi alichokichagua kinamgeuza kuwa sikio. Mdomo wake umefanya kazi yote na lawama imebaki hewani. Kisha kuna "ule ugonjwa". Kiashiria "ule" huonyesha kitu kilicho mbali, na kwa kawaida hutarajiwa kwamba kitu hicho kimekwisha kutajwa. Hapa hakijatajwa. Tunakielekezea kidole gizani tukijua kwamba kila mtu anakiona.

Ukimwi ulipotufikia, lugha zetu zilifanya bidii kubwa ya kutoutaja. Waganda waliuita "slim" kwa sababu ya kukonda. Miongoni mwa Waluo, wengine waliufasiri kuwa ni chira, adhabu ya kukiuka miiko. Vijana wa Tanzania wakasema kwamba fulani "amekanyaga waya" au "ana ngoma". Neno Ukimwi lenyewe, ambalo ni ufupisho wa Upungufu wa Kinga Mwilini, lina maana safi ya kitabibu isiyomhukumu mtu. Mafumbo yale yalimhukumu. Anayekanyaga waya ni mzembe, na mwenye chira amekosa. Hivyo basi, kabla ya mgonjwa kufika hospitalini, lugha ilikuwa imekwisha kumfungulia kesi na kumtia hatiani.

Sisemi haya nikiwa juu ya mlima. Mwaka wa 1996 nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni. Tulikuwa na mwenzetu, kijana mpole, hodari wa hisabati, ambaye alirudi kutoka likizoni akiwa ameondokewa na baba. Hakutueleza marehemu aliugua nini, nasi hatukuuliza. Jioni moja, tukiwa kwenye foleni ya chakula, nilimgeukia aliyekuwa nyuma yangu nikamwambia: "Nasikia babake alikufa na ule ugonjwa." Sikuwa nimesikia popote. Nilikuwa nimekisia tu, kwa kuwa mazishi yalifanywa haraka na mwenzetu alikuwa amekonda. Kufikia Ijumaa, kikombe chake kilikuwa kimewekwa alama ya rangi ili kisichanganywe na vya wengine. Kitanda cha pili katika deka yake kilibaki kitupu. Hapakuwa na mwalimu aliyeuliza kwa nini. Muhula ulipokwisha aliondoka na sanduku lake, na hakurudi.

Sijui mpaka leo kama mtu yeyote katika nyumba ile aliugua Ukimwi. Ninachojua ni kwamba hapakuwa na panya aliyenong'ona sikioni mwangu. Sentensi ile ilikuwa yangu. Niliitunga mwenyewe, nikaipachika neno "nasikia", nikaila chakula changu nikashiba.

Niliwasimulia wanafunzi wangu kisa hicho baada ya kutazama katuni, na mmoja wao akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "mtoto wa miaka minane huwezi kumwambia kwamba mwovu ni mama yake na jirani yake. Atamwamini nani? Afadhali umpe panya." Hoja hiyo ina uzito, na sikutaka kuipuuza. Fasihi ya watoto tangu jadi imetumia zimwi na fisi kubeba maovu ambayo mtoto hawezi kuyabeba kwa sura ya binadamu. Sungura na fisi wametulea sote.

Lakini nilimjibu kwamba kuna tofauti. Fisi wa ngano zetu ni mlafi kama tulivyo walafi, na mtoto anapomcheka anajifunza kujicheka. Skumm hafanani nasi. Yeye ndiye mwenye chuki na sisi ni wapotoshwa tu. Aidha, tunao mfano wa kweli unaoonyesha kwamba watoto wanaweza kubebeshwa ukweli bila ya panya. Mwaka wa 1987 familia ya Ryan White ilihamia mji mdogo wa Cicero, katika jimbo lilelile la Indiana. Katika shule ya upili ya Hamilton Heights, wanafunzi walikuwa wamefundishwa kuhusu Ukimwi kabla hajafika: unavyoambukizwa na usivyoambukizwa. Alipoingia, alipokewa kwa kupeana mikono. Hakuna aliyeruka angani. Walimu walifanya kazi yao mapema, basi, na kijana akapata dawati.

Nasi Wakenya tumeyaona yote mawili. Mwaka uleule wa 1992 kilipotangazwa kipindi cha Todd Andrews, Padri Angelo D'Agostino alianzisha jijini Nairobi kituo cha Nyumbani, cha kuwalea watoto wenye virusi. Miaka saba baadaye, Novemba 1999, Rais Daniel arap Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Hata hivyo, hadi mwaka wa 2004 watoto wa Nyumbani walikuwa bado wanapigania nafasi katika shule za umma, na ilibidi suala hilo lipelekwe mahakamani ndipo likapata suluhisho. Mwaka wa 2006 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi, inayolinda siri ya mgonjwa na kukataza ubaguzi shuleni na kazini.

Je, tulijifunza? Februari 2015 ilitolewa amri ya serikali kwamba yakusanywe majina ya wanafunzi wote wenye virusi, pamoja na ya walezi wao. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: kupanga huduma. Lakini kila aliyewahi kukaa katika ofisi ya shule anajua orodha hupita katika mikono mingapi kabla ya kufika wizarani. Desemba 2016, Mahakama Kuu iliamua kwamba amri ile ilikiuka Katiba. Todd Andrews angalielewa uamuzi huo mara moja. Masaibu yake yalianza pale habari za mwili wake zilipotoka mikononi mwake zikaingia mikononi mwa wengine.

Kisa hiki hakijapitwa na wakati. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje ili ikaguliwe upya, na mpango wa PEPFAR, ulioanzishwa mwaka wa 2003 na kutegemewa na mamilioni ya Waafrika, ukatikiswa. Kliniki kadhaa zilivurugika, na mjadala ukapamba moto kuhusu kuwahudumia wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi pamoja na wagonjwa wengine wote. Wataalamu wa fedha wana hoja zao, na huenda mwishowe kuwachanganya wagonjwa kukaondoa unyanyapaa. Lakini huko kunamaanisha kwamba mama aliyekuwa akichukua dawa zake faraghani huenda akasimama foleni moja na jirani yake, na mkewe mwalimu wa mwanawe, na kijana wa duka. Kwake yeye swali halitakuwa tu kama dawa zipo. Atajiuliza pia ni nani, akifika nyumbani jioni, atakayesema: "Nasikia…"

Na jambo hilo ni la uhai na kifo. Mwaka wa 1992 hapakuwa na tiba ya maana. Dawa mseto zilizobadilisha mambo zilianza kutumika mwaka wa 1996. Leo anayezitumia ipasavyo huishi maisha marefu, na virusi vikididimia hadi visionekane katika vipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Sayansi imefanya sehemu yake. Lakini kidonge hakimfai aliyeogopa kuonekana akikipokea. Uvumi ukimfukuza mtu kwenye foleni, umemnyang'anya dawa.

Tufanye nini basi, walimu wenzangu nanyi wanafunzi? Sipendekezi kwamba tulifute neno "inasemekana" katika kamusi. Lugha inalihitaji, na wanahistoria na wanahabari waaminifu hulitumia kwa tahadhari. Ninapendekeza zoezi dogo ambalo halihitaji bajeti ya wizara. Mwanafunzi akisema "inasemekana", mwalimu amuulize: na nani? Akisema "nasikia", aulizwe: kutoka kwa nani, naye alijuaje? Akisema "ule ugonjwa", aombwe kuutaja kwa jina lake. Zoezi hilo ni la sarufi, na linaweza kufanywa katika kipindi cha Kiswahili siku yoyote. Atakayelizoea darasani huenda akalikumbuka kwenye foleni ya chakula.

Kadhalika tuangalie majina tunayowapa watu. Magazeti yetu hupenda "mwathiriwa wa Ukimwi". Neno hilo limejengwa kwa kauli ya kutendwa, na mtu ndani yake ni wa kutendewa tu. Tukisema "mtu anayeishi na virusi", kitenzi kinakuwa "kuishi", na mwenye kuishi ndiye mtendaji. Wapo watakaosema kwamba huku ni kuchezea maneno. Nawakumbusha walimu wa nchi hii waliounda mtandao wa KENEPOTE, wa walimu wanaoishi na virusi. Hawakungoja isemekane. Walisimama mbele ya wenzao wakatumia kiambishi cha nafsi ya kwanza: "ninaishi". Magic Johnson alifanya vivyo hivyo mwaka wa 1991. Habari ni ileile, lakini imetoka kinywani mwa mwenyewe, kwa hiari yake na kwa wakati wake.

Kila kipindi cha Captain Planet humalizika kwa shujaa huyo kuwaambia watoto kwamba nguvu ni zao. Wanafunzi wangu waliliona hilo kuwa ni kibwagizo cha kitoto. Mimi naliona kuwa ndilo neno la kweli kuliko yote katika mfululizo ule, mradi tusisahau kwamba nguvu hiyo ni pamoja na ile ya kudhuru. Nilikuwa nayo nikiwa kidato cha pili, na nikaitumia.

Mwenzangu yule wa hisabati sasa, kama yu hai, ni mtu mzima wa makamo kama mimi. Sikuwahi kumwomba radhi, na sina njia ya kumpata. Nilicho nacho ni darasa. Ndiyo maana nikiulizwa tena na mwanafunzi juu ya methali ile ya wahenga, nitamwambia aihifadhi kwa ajili ya mtihani, lakini moyoni aandike nyingine kando yake: lisemwalo lina msemaji.